Safari Yetu ya Kwanza ya Ulaya Ilianzia Kwenye Taarifa ya Benki



Tunawaandikia kutoka Kitangari, wilaya ya Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mahali ambapo ukisema unakwenda Ulaya jirani anakuuliza kwanza, "Nani kaumwa?" Sisi ni mke na mume. Mke ni fundi cherehani, alijifunza ufundi baada ya kidato cha nne, na ana duka dogo la magauni ya harusi, mabuibui na nguo za Idi. Baadhi yenu huko Unguja na Pemba mmeshavaa kazi ya mikono yake. Mume ni mkulima wa korosho. Tuna watoto 3 na ndoa ya miaka 12. Tunaandika kwa "sisi" kwa sababu haya yalitupata wote wawili, na tumeyasoma pamoja kabla ya kuyatuma.

Tukianza na ukweli, fungate hatukupata. Tulioana mwezi wa saba, wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, na siku ya tatu ya ndoa bwana harusi alikuwa shambani na bomba mgongoni. Matembezi yetu ya harusi yalikuwa jioni moja Newala mjini, pale Shimo la Mungu, tukitazama bonde la Ruvuma na ng'ambo ya Msumbiji. Tukaahidiana kwamba iko siku tutakwenda mbali kuliko kule macho yanakofika. Halafu wakaja watoto, ikaja ada, ikaja bati, ikaja kununua maji kwa madumu, na ile ahadi tukaacha kuitaja.

Mwaka 2023 wifi yetu, mdogo wake mume, ambaye ni muuguzi Berlin, Ujerumani, alijifungua mtoto wa kwanza. Alipiga simu ya video, mama mkwe akamwona mjukuu, akalia. Mama magoti yake hayamruhusu hata kufika Mtwara bila kusimama mara nne njiani. Wifi akasema, "Basi njooni nyie wawili. Malazi na chakula juu yangu, nyie tafuteni nauli." Usiku ule tulikumbuka Shimo la Mungu, na mmoja wetu akasema kwa sauti kile ambacho wote tulikuwa tunakifikiria.

KARATASI MBILI

Tukafungua akaunti ya safari. Kila wiki duka linatoa kidogo, na malipo ya korosho ya msimu wa 2023 yakaingia. Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na shilingi milioni 5 na laki 2. Tukaanza kuuliza makaratasi, na hapo ndipo tulipoambiwa kwamba mwombaji wa viza ya Schengen anapeleka taarifa ya benki, kila mmoja ya kwake, inayoonyesha miezi ya nyuma fedha zilivyoingia na zilivyotoka.

Tukaenda benki Newala. Karani akachapisha, akapiga mihuri, akazibana zote mbili kwa pini moja na kutupa. Tukapanda Hiace kurudi Kitangari. Njiani tukaanza kuzisoma, yeye yangu, mimi yake, kama watu wanaosomeana kadi ya mwaliko.

Kwenye karatasi ya mume kulikuwa na makato ya kila mwezi ambayo mke hakuwahi kuyasikia. Kumbe mwaka mmoja nyuma alimdhamini kaka yake mkopo, kaka akashindwa, na deni likahamia kwake. Lilibaki shilingi milioni 4 na laki 6.

Kwenye karatasi ya mke kulikuwa na shilingi milioni 3 na laki 9, kwenye akaunti ambayo mume alijua ina laki 3 za kununulia vitambaa.

Hatukugombana ndani ya gari, watu walikuwa wengi. Tulifika nyumbani, tukala, watoto wakalala. Ndipo yakatoka.

"Kwa nini nimesoma kwenye karatasi, sijasikia kwako?"

"Niliona aibu. Nilidhani nitamaliza kabla hujajua. Na wewe, hizi za nini?"

"Za siku mbaya."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Siku mbaya hiyo ni mimi?"

Dada zetu, swali hilo halikuwa na jibu zuri. Wengi wetu tumefundwa hivyo. Kungwi na mama zetu walituambia, mwanamke asikose chake, na mume asijue kiko wapi. Walikuwa na sababu zao. Wamewaona wanawake waliotoka kwenye ndoa na kanga mbili tu. Lakini yule aliyekuwa mbele yetu usiku ule hakuwa mume wa hadithi za unyago. Alikuwa mtu aliyebeba deni mwaka mzima peke yake, analala karibu na mtu mwenye fedha ya kulipa sehemu kubwa ya deni hilo, na wote wawili hawajui.

Wiki 3 tuliishi kwa kupeana taarifa: mtoto anaumwa, gesi imekwisha, mteja amekuja. Tukagundua kitu kinachouma zaidi, kwamba hata kabla ya karatasi zile ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Tulikuwa tumeshazoea.

TULIPOKWENDA KWA SHEHE

Tulikwenda kwa shehe wetu na maswali 2. La kwanza lilikuwa la mama mmoja wa mtaani, aliyetuuliza bila kificho: "Mnakwendaje Ulaya na hamjafika Makka?" Lilituingia. La pili lilikuwa la deni na zile fedha za mke.

Shehe alianza na la pili. Alisema msafiri kabla ya kufunga mzigo hulipa madeni, hurudisha amana na huandika wasia. Deni linaloweza kulipwa lilipwe. Kuhusu fedha za mke, alisema wazi mbele ya mume: mali ya mke ni ya mke, iwe ya mahari, ya urithi au ya cherehani. Mume hana haki ya kuichukua, na matumizi ya nyumba ni juu yake. Mke akitaka kumsaidia mumewe ni hiari yake, ila waelewane kabisa kama ni zawadi au ni mkopo, na ikiwa ni mkopo uandikwe. Kisha akamgeukia mke, akasema kwa upole, "Kuwa na chako ni haki yako. Lakini kujificha kila siku ndani ya nyumba yako ni uchovu. Pumzika, mwanangu."

Kuhusu Hija alituuliza fedha tulizonazo zinamfikisha nani. Tukapiga hesabu: deni likilipwa, hazimfikishi hata mmoja. Akatueleza kwamba Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata watu wengi wa pwani hii, mwenye uwezo anaweza kuichelewesha akiwa na azma ya kweli ya kuitekeleza, na asihofie kupoteza afya au mali. Wapo maulamaa wanaosema ni haraka, haicheleweshwi. Kwa hiyo alitushauri tusitumie ruhusa hiyo kama mto wa kulalia. Kumtembelea ndugu ni kuunga udugu, nako kuna malipo, lakini tuanze akaunti ya Hija siku ile ile tunayofungua tena ya safari, hata kwa shilingi 10,000.

Tukarudi nyumbani, tukafanya mambo 3. Milioni 4 na laki 6 zikalipa deni lote, kwa mkupuo mmoja. Fedha za mke zikabaki kwa mke, ila sasa zinajulikana zipo. Na tukampigia wifi kumwambia mwaka huu hatuji.

Alilia kidogo, akasema njooni mkiweza. Tuliumia. Ila mwezi Mei 2024, ule ule tuliopanga kusafiri, kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga. Tulikuwa nyumbani na watoto wetu, hatuna deni. Mmoja wetu akasema, "Tungekuwa wapi saa hizi?" Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka pamoja.

MWAKA WA PILI

Allah ana mipango yake. Mnada wa kwanza wa korosho wa msimu wa 2024 ulifunguliwa kwa bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo, bei ambayo huku nyandani ilizungumzwa misikitini, sokoni na kwenye vijiwe vya kahawa. Malipo yalipoingia hayakuwa na mkato wowote. Tuliyaangalia wote wawili, kwenye simu moja.

Hapo akatokea mtu wa Dar anayejiita wakala. Akatwambia kesi yetu ni rahisi, tumpe shilingi laki 4 za kuanzia. Tukampa. Wiki iliyofuata akatushauri "kutunisha akaunti": atatukopesha milioni kadhaa zikae benki siku chache, karatasi ichapishwe, kisha azichukue na riba yake. Pia angetutengenezea barua ya hoteli ambayo hatutalala.

Tusijifanye malaika, tulilala na wazo hilo usiku mmoja. Asubuhi tukakubaliana hapana. Riba ni riba, na uongo ukipigwa muhuri wa benki unabaki uongo. Isitoshe, karatasi ya benki ilikuwa imeshatufundisha kwamba husema yale unayoyaficha. Afisa wa viza anayeona akaunti ya laki 2 ikiruka ghafla hadi milioni 15 wiki ya mwisho haoni utajiri, anaona mashaka. Laki 4 zetu hazikurudi. Tulizihesabu kuwa karo ya shule. Baada ya hapo tulifanya kila kitu wenyewe.

MAKARATASI, TULIVYOYAFANYA

Kwa wale wanaopanga fungate au safari kama yetu, haya ndiyo tuliyojifunza kwa nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29 na zinatumia viza ya aina moja.

Pasipoti. Ya kielektroniki ya kwetu tulilipia shilingi 150,000 kila mmoja. Unaanza kujaza mtandaoni, kisha unakwenda Uhamiaji. Sisi tulikwenda Mtwara. Iwe bado na miezi isiyopungua 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa 2 tupu.

Majina. Hapa tulipoteza wiki nzima. Jina la baba limeandikwa kwa L moja kwenye kitambulisho cha taifa na L mbili kwenye cheti cha ndoa. Wakili akatuandikia kiapo kwamba ni mtu mmoja. Bibi harusi, siku ya nikaha watu wanatazama hina na keki. Wewe tazama tahajia. Na usiondoke kwenye ndoa yako bila cheti mkononi. Wapo dada zetu walioolewa kihalali mbele ya mashahidi, miaka 10 baadaye hawana karatasi ya kuonyesha.

Picha. Hijabu inaruhusiwa kwa sababu ya dini. Uso uonekane wote kutoka kidevuni hadi kwenye paji, pasiwe na kivuli. Tulivaa mtandio wa rangi iliyokolea kwa sababu nyuma ni kweupe.

Mwaliko. Wifi alikwenda ofisi ya wageni ya mji wake akasaini hati ya dhamana, kwamba gharama zetu ni juu yake. Hati hiyo husaidia sana, lakini haiondoi swali kubwa: mtarudi? Jibu letu lilikuwa leseni ya duka, namba ya mlipakodi, stakabadhi za korosho kutoka chama cha msingi, barua ya mtendaji, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu wanaobaki Kitangari.

Bima ya safari. Lazima ifike angalau euro 30,000, na igharamie matibabu na kurudishwa nyumbani.

Ada. Tulipoanza ilikuwa euro 80 kwa mtu mzima. Kuanzia Juni 2024 imekuwa 90, karibu shilingi laki mbili na nusu kila mmoja. Hairudishwi ukinyimwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe chini ya siku 15.

Tiketi. Usilipe kabla ya viza. Tuliweka nafasi tu, tukalipa viza ilipotoka. Tulichagua njia ya Istanbul, kiasi cha saa 7 na nusu kutoka Dar, kisha kama saa 3 hadi Berlin. Wawili kwenda na kurudi ilitugharimu karibu milioni 5.

Miadi. Kwa watu wa kusini, msiondoke siku moja kabla. Sisi tunashuka kwa njia ya Mkwiti hadi Mtama ndipo tushike lami ya Lindi, na tumeshaona barabara inavyoweza kukatika. Tulifika Dar siku 4 mapema, tukalala kwa shangazi Mbagala.

Jambo moja dogo. Siku ya miadi wanachukua alama za vidole. Mke alikuwa ametoka kwenye harusi ya mdogo wake na hina hadi kwenye viganja, lakini ncha za vidole alikuwa ameziacha. Waliopanga kwenda wiki moja baada ya harusi, mwambieni mpaka hina aache ncha. Kumbe shida ilikuwa kwa mume. Mashine ilikataa vidole vyake mara 2. Miaka ya jembe, panga na salfa imevisugua vikawa laini kama kigae. Dada wa dirishani akampa kitambaa chenye maji, akasema jaribu tena, baba, bonyeza. Mara ya tatu ikakubali. Mke alisimama pembeni anatazama ile mikono. Mikono hiyo ndiyo iliyolipa deni la mtu mwingine kimyakimya, na hakuwahi kuitazama vizuri kwenye mwanga.

Siku ya 13 tukapigiwa simu tukachukue pasipoti. Viza zilikuwemo, zote mbili.

KUCHAGUA MWEZI

Hili hamtaambiwa na wauza tiketi. Kwa mkulima wa korosho, palizi, salfa na mavuno vinakula mwaka kuanzia katikati hadi mwisho. Kwa fundi wa nguo za harusi, Shaabani na mfungo mosi ndiyo miezi ya kula. Tulibakiwa na mfungo pili, ulioanza mwishoni mwa Aprili 2025. Ukawa mwezi wetu. Berlin wakati huo baridi kali imekwisha ingawa kwa mtu wa Kitangari bado ni baridi, na mchana wake ni mrefu kuliko wetu: magharibi inaingia karibu saa 3 usiku, isha inasogea mbele zaidi, na alfajiri inawahi. Mwezi wa sita ni zaidi ya hapo. Mwenye kupenda usingizi apange kwa kuzingatia swala.

Kuhusu swala, shehe alitufundisha hivi, nanyi ulizeni wa kwenu. Ukishatoka mji wako kwa safari ya mbali, kilomita 80 na kitu na zaidi, unaweza kupunguza swala za rakaa nne na kukusanya adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha. Alfajiri haikusanywi na chochote. Ukinuia kukaa mahali siku 4 kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, unaswali kamili tangu unapofika. Sisi tunakaa siku 16, kwa hiyo Berlin tutaswali kama nyumbani. Kwenye ndege tumejiandaa na kanga, udhu tutauchukua uwanjani, na chakula tumeomba cha halali tulipolipa tiketi. Chakula Berlin si tatizo, Waturuki ni wengi na maduka yao ya halali yamejaa Neukölln na Kreuzberg. Ijumaa tunakusudia kuswali msikiti wa Şehitlik, uliojengwa kwa mtindo wa Kiosmani pembeni ya makaburi ya Waislamu ya tangu mwaka 1866.

Nguo hatukununua mpya. Makoti 2 tulichagua kwenye mitumba Masasi, mke akayafumua na kuyatia bitana ya kitenge kizito. Mabuibui 2 ya kitambaa cha sufi, soksi, na mitandio isiyopeperuka. Unaweza kujisitiri na usigande.

TUTAKACHOKWENDA KUONA

Watu wanatuuliza kama tutakwenda Paris. Hapana. Tuna mtoto wa kumbeba, na tuna ndugu mwingine wa kusini wa kumtembelea.

Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Walichimbua kiasi cha tani 230, na mifupa ile ilibebwa kichwani na mabegani na watu wa huku kwetu, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjusi mmoja amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Jina kama la babu zetu. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Kijerumani alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la kisayansi linalotokana na Boheti.

Tulipowasimulia watoto, wa kati akauliza, "Wale waliobeba walikwenda na wao kuona?" Tukamwambia hawakwenda. Akasema, "Basi nyie nendeni." Tumelichukua hilo kama ruhusa.

WIKI YA MWISHO

Tumeandika wasia. Ulikuwa usiku mgumu, lakini baada ya ile Hiace hakuna karatasi inayotutisha tena. Kila deni, kila shamba, kila kitambaa cha mteja kimeandikwa. Vitambaa 11 vilivyokuwa dukani vimerudishwa kwa wenyewe au vimeshonwa vikaisha. Ni amana, na fundi akifa na amana za watu ana maswali ya kujibu. Akaunti ya Hija ina shilingi laki 6 na elfu 40. Si nyingi, lakini ina majina yetu mawili.

Mama mkwe ndiye anayebaki na watoto. Juzi alikuja na kikapu cha ming'oko, amesafisha vizuri na kufunga kwa majani. Tangu wifi aondoke, kila simu anauliza ming'oko. Tulilazimika kumweleza mama kwamba nyama, maziwa na samli haviruhusiwi kuingizwa kule, na viazi vibichi vya shambani navyo havipiti bila cheti cha ukaguzi wa mimea. Korosho zilizokaangwa na kufungwa tunazo, lakini ming'oko haitaweza.

Hakusema kitu. Alikwenda jikoni, akabandika sufuria. Baada ya saa moja alituita wote wawili tukae kwenye mkeka, akatumenyea mmoja mmoja kama watoto, akasema, "Kuleni nyie. Mkifika, mkamweleze."

Tumekula hadi ikaisha. Basi letu linaondoka alfajiri.

Bibi harusi unayesoma haya, tunakuombea safari nzuri, ya Ulaya au ya Mtama tu. Kabla hujachagua mji, mwombeni karani awachapishie karatasi zenu zote mbili, azibane kwa pini moja, mzisome mkiwa nyumbani, siyo kwenye Hiace. Tuombeeni dua, kwani dua ya ndugu kwa nduguye asiyekuwepo ina nafasi yake. Nasi tukiinua mikono safarini tutawakumbuka, inshaallah.

Wassalaam.